Sindano ya Jicho: Tiba ya Mishipa Inayoota Chini ya Retina

Mkulima wa Oldeani anayetazama mistari ya kahawa, au wa Mang'ola anayekagua matuta ya vitunguu, anaweza siku moja kuiona mistari hiyo imepinda ilhali jana ilikuwa imenyooka. Huenda akadhani ni uchovu au miwani iliyochakaa. Hata hivyo, dalili hiyo yaweza kuwa ya ugonjwa unaoharibu uoni wa katikati ndani ya wiki au miezi michache, nao una tiba iwapo mgonjwa atawahi hospitali. Tiba hiyo ni sindano inayochomwa ndani ya jicho.

Ugonjwa wenyewe

Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Katikati yake pana sehemu ndogo iitwayo makula, ambayo humwezesha mtu kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kutambua sura za watu. Katika ugonjwa huu, mishipa mipya ya damu isiyotakiwa huota chini ya retina. Mishipa hiyo ni dhaifu, huvuja maji na damu. Kama mizizi ya mti inavyopita chini ya sakafu ya saruji na kuipasua, ndivyo uvujaji huo unavyoinua retina na kuharibu makula. Usipotibiwa, kovu hubaki, na uoni wa katikati hupotea moja kwa moja.

Chanzo kikubwa ni kuzeeka kwa makula, hasa kwa watu waliopita miaka 50, na uvutaji wa sigara huongeza hatari. Mishipa hiyo pia huweza kuota kwa mtu mwenye tatizo kubwa la kutoona mbali au mwenye kovu la ugonjwa wa zamani ndani ya jicho. Kwa wenye kisukari, mishipa ya retina yenyewe huvuja na kuvimbisha makula. Nao pia hunufaika na sindano hizihizi.

Usichanganye na magonjwa mengine

Mtoto wa jicho hufunika uoni wote kama ukungu, na hutibiwa kwa upasuaji. Trakoma, inayofahamika katika jamii za wafugaji wa Ngorongoro, hukunja kope na kuzifanya zikwaruze jicho. Ugonjwa wa mishipa chini ya retina hauumi, wala hauonekani kwa nje. Jicho hubaki jeupe na safi. Ndiyo maana wengi huchelewa, hasa pale jicho la pili linapoona vizuri na kuficha upungufu wa lile linaloharibika.

Sindano inavyofanya kazi

Mwili hutengeneza protini iitwayo VEGF, inayochochea mishipa ya damu kuota na kuvuja. Dawa ya sindano huizuia protini hiyo, hivyo mishipa husinyaa na uvujaji hupungua. Dawa inayotumika sana kwa gharama nafuu ni bevasizumabu. Iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2004 kutibu saratani ya utumbo mpana, na mwaka uliofuata madaktari wa macho wakaanza kuitumia kwenye jicho. Mwaka 2011, utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa inaokoa uoni sawa na ranibizumabu, dawa ya gharama kubwa zaidi. Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho.

Unafuu wake hutokana na chupa moja kugawanywa katika dozi nyingi ndogo. Kazi hiyo huhitaji usafi wa hali ya juu, na ndiyo sababu mojawapo ya huduma hii kutotolewa katika zahanati.

Kabla ya tiba, daktari hutia matone ya kupanua mboni na kupiga picha za tabaka za retina. Mgonjwa hapaswi kuendesha pikipiki wala gari hadi ukungu wa matone hayo uishe. Siku ya sindano, jicho hutiwa ganzi ya matone na kusafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Kifaa maalumu huzuia kope zisifumbe, kisha sindano nyembamba sana huchomwa kwenye sehemu nyeupe ya jicho, si kwenye mboni. Uchomaji wenyewe huchukua sekunde chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sindano moja haitoshi. Kwa kawaida huanza na tatu, moja kila mwezi, kisha daktari hupanga nyingine kulingana na hali ya jicho. Baadhi ya wagonjwa huona vizuri zaidi kuliko awali, na wengi hubaki na uoni walio nao. Lakini kovu lililokwisha kujengeka haliondolewi. Anayekatiza ratiba huipa mishipa nafasi ya kuvuja tena.

Wekundu kidogo baada ya sindano ni wa kawaida. Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi au uoni unaofifia katika siku zinazofuata huashiria maambukizi ndani ya jicho. Hayo hutokea kwa nadra, lakini mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo. Aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, pamoja na mjamzito, amweleze daktari kabla ya kuchomwa.

Hatua kwa mwananchi

Kila mtu mzima anaweza kujipima nyumbani. Fumba jicho moja, tazama fremu ya mlango au ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, kisha rudia kwa jicho la pili. Mistari ikipinda, au doa jeusi likitokea katikati, nenda zahanati au kituo cha afya bila kungoja, ueleze dalili hiyo na uombe rufaa. Rufaa hiyo huweza kupitia Hospitali ya Mount Meru jijini Arusha hadi KCMC mjini Moshi, hospitali ya kanda yenye idara kubwa ya macho.

Kwa mkazi wa Endabash au Endulen, safari hiyo ni ndefu na itarudiwa. Familia inashauriwa kupanga mapema nauli na msindikizaji, na kuuliza kabla ya kuondoka iwapo bima itagharamia dawa. Wenye kisukari wapimwe macho kila mwaka hata kama wanaona vizuri. Dawa za kienyeji zisitiwe jichoni, kwani hazifiki kwenye retina na huweza kuunguza kioo cha jicho.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu, ukuta uliobomoka haujengeki tena.