Miraa, Nadharia na Mkulima wa Igembe

Wanazuoni wa uhusiano wa kimataifa wamekuwa wakimrejelea David Mitrany tangu 1943: mataifa yaanze kushirikiana katika mambo madogo ya kiufundi, kama vile reli na posta, na mazoea hayo yatazaa kuaminiana. Mimi ni mtu wa isimu, na huenda ninaingilia shamba la wenyewe. Hata hivyo, nadharia hiyo yafaa ipimwe kule Maua, Meru.

Shirika la IGAD lilianzishwa 1986 kwa shabaha ya kiufundi hasa, yaani kupambana na ukame, Kenya na Somalia zikiwemo. Lakini Machi 2020, safari za ndege ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, Mogadishu iliifungia miraa mlango. Ndege zikarejea, mlango usifunguliwe, maana ugomvi wa kisiasa ulikuwa umekwisha kuingia. Uingereza nayo ilikuwa imeipiga marufuku tangu 2014. Miraa hufungwa kwa majani ya mgomba, na siku chache tu zatosha kuifanya takataka. Mkulima hawezi kuiweka ghalani akingoja vikao. Soko lilirudi Julai 2022, baada ya marais wawili kuzungumza Nairobi. Kilichofunguliwa kwa neno la wakubwa chaweza kufungwa vivyo hivyo.

Machi 2024 Somalia ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Je, mkulima wa Igembe apumue? Majirani zake wa Mbeere, Embu, wangesita. Mei mwaka huo huo kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka. Sidharau kilio cha wazazi wa Pwani juu ya vijana wao. Lakini mkulima wa Mbeere alikuwa na mahali pa kukimbilia: Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hizo.

Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha 1999, nao unamruhusu mkazi yeyote kupinga kitendo cha nchi mwanachama mbele ya Mahakama ya Jumuiya, mradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Wangapi Meru wanajua? Mkataba huo huo ulikipa Kiingereza urasmi, Kiswahili kikaachwa "kikuzwe". Natamani nione kifungu hicho kikisomwa kwa Kiswahili katika baraza la chifu huko Maua, na mama mmoja akisimama kuuliza: mzigo wangu ukizuiwa leo usiku, nimwamshe nani Arusha?