Jua Linavyokula Turubai

Litazame turubai lililofunika jiko au kibanda huko Kasulu au Kibondo. Lilipokuwa jipya lilikuwa laini na lenye nguvu. Baada ya misimu kadhaa, ukilikunja lapasuka, na nyuzi zake zapukutika. Watu husema, "Mvua imeliharibu." Sivyo. Mvua yasingiziwa, mlaji ni jua.

Katika nuru ya jua imo miali isiyoonekana kwa macho. Plastiki imeungwa kwa minyororo ya chembe ndogo mno. Miali hiyo huikata, kisha oksijeni ya hewa huzidisha uharibifu. Tena penye miinuko kama hii hewa ni nyepesi, hivyo miali hufika kwa ukali kuliko pwani.

Jambo hili limepimwa hata katika anga za juu. Aprili 1984 Wamarekani waliacha huko chombo kiitwacho LDEF, kikubwa kama basi, chenye vipande vya plastiki, rangi, kioo na vitu vingine. Kilikusudiwa kukaa kama mwaka mmoja. Kikakaa karibu miaka 6, hata kiliporudishwa Januari 1990. Wataalamu walikuta nini? Upande uliotangulia mbele, baadhi ya karatasi nyembamba za plastiki zilikuwa zimeliwa zikaisha, kwa oksijeni kali ya huko. Upande wa nyuma, rangi nyeupe nyingine zilikuwa zimegeuka kahawia kwa jua. Lakini kioo kilisimama imara, na plastiki iliyopakwa utando wa namna ya kioo ilidumu zaidi.

Basi, plastiki yataka kifuniko.

Kwetu hili si dogo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 Warundi walifika kwa maelfu, na kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Jamaa nyingi zilikaa miaka chini ya maturubai yaliyokusudiwa kwa muda mfupi. Likichanika usiku wa mvua, watoto walowa na unga waharibika.

Kwa hiyo usingoje lichanike. Tandaza majani makavu juu yake, mbali na moto wa jiko. Likaze vema lisipigwe na upepo. Lile la kuanikia maharage, likunje jioni uliweke ndani. Na ukinunua, chagua lenye nyuzi nyeusi; weusi ule ni wa masizi, nayo huzuia miali isipenye.