Degedege si Ndege

Majina ya magonjwa katika lugha ya Kiswahili ni ya namna mbili. Yako yanayotaja jambo lenyewe waziwazi, na yako yaliyo mfano tu. Mtu asemapo kichaa cha mbwa ametaja ugonjwa pamoja na mnyama auletaye, ijapokuwa paka na mbweha nao huweza kuuambukiza. Lakini mkanda wa jeshi si mkanda, wala hauhusiani na askari yeyote. Ni malengelenge yenye maumivu makali, yaliyojipanga upande mmoja wa kiuno au kifua mfano wa mshipi. Kidole tumbo vilevile: hapana mtu mwenye kidole tumboni, bali utumbo una kijisehemu chembamba chenye umbo hilo, nacho kikivimba mara nyingi hakina budi kukatwa.

Majina hayo hayana madhara maadamu kila mtu ajua kwamba ni mfano. Taabu huanza mfano unapochukuliwa kuwa habari ya kweli, na hapo ndipo neno degedege lilipowagharimu wazazi wengi.

Dege ni ndege mkubwa, na pwani hata nondo mkubwa huitwa hivyo. Mtoto mwenye homa akikakamaa ghafula, macho yakageuka juu na povu likamtoka, ilisemwa kwamba dege amepita juu ya nyumba usiku. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya ya Bagamoyo, Tanzania, miaka ya 1990, waliwakuta wazazi waliokwenda kwanza kwa mganga wa kienyeji. Mtoto alifukizwa moshi wa mavi ya tembo, na sindano iliogopwa kwamba itamwua. Kwa aliyesadiki habari ya ndege, hofu hiyo haikuwa upumbavu. Sindano itamfanya nini ndege? Lakini saa zilikuwa zikipita, na malaria iliyopanda kichwani huweza kumwua mtoto kwa muda wa siku moja au mbili.

Wala Wazungu wasijisifu. Jina malaria latokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya, kwa kuwa zamani watu walidhani homa hiyo huletwa na hewa ya vinamasi. Waliolitunga hawakukusudia mfano. Walisema waliyoyaamini, nao walikosea. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi, aliviona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu huko Secunderabad, India. Habari ya hewa ikaachwa, jina likabaki.

Degedege nalo limebaki, na muuguzi hulitumia ili mama amwelewe upesi. Kisha humwambia yapasayo: mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, iwe kijiko au dawa, asikandamizwe kwa nguvu, na afikishwe hospitali papo hapo, hata kama ametulia njiani.