Kazi ya Makao ya Watoto England: Pengo Lisiloelezwa Ndilo Linalotukwamisha

Tukikutana harusini au msibani siku hizi, malalamiko ni yale yale. Mtu amehojiwa kwenye makao ya watoto, ameambiwa kazi ni yake, ameshaaga alikokuwa. Wiki zinapita, kisha inakuja barua fupi kwamba nafasi imeondolewa kwa sababu ukaguzi haukukamilika. Hana kesi popote, wala hajawahi kulala rumande. Akipiga simu kuuliza ni ukaguzi upi, anazungushwa kutoka dawati hadi dawati.

Wengi wetu tunaamini DBS, yaani ukaguzi wa rekodi za uhalifu, ikirudi safi mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kanuni za makao ya watoto za England za mwaka 2015, katika Kanuni ya 32 na Jedwali la Pili, zinamtaka mwajiri awe na zaidi ya hapo: historia yako yote ya ajira, pamoja na maelezo ya kuridhisha, kwa maandishi, ya kila kipindi ambacho hukuwa kazini, barua mbili za wadhamini, mojawapo ya mwajiri wako wa mwisho, na kama uliwahi kuhudumia watoto au watu wazima wasiojiweza, uthibitisho wa sababu iliyokufanya uondoke huko. Wakaguzi wa serikali, Ofsted, wanapokuja kukagua nyumba, mafaili ya wafanyakazi hufunguliwa. Faili lenye tundu humharibia meneja ripoti yake, kwa hiyo wengi huona heri kumwacha mtu kuliko kumfuatilia.

Tunakamatwa kwenye hayo maneno mawili, "historia yote". Sisi tumezoea kuandika kazi tatu za mwisho, tena zile zinazopendeza. Miezi ya katikati tunairuka, au tunavuta tarehe za kazi moja mpaka ziguse za nyingine. Usifanye hivyo hata siku moja. Mwajiri wa zamani ataulizwa tarehe zake, zisipolingana na zako utaonekana mwongo, na uongo kwenye fomu ya kazi ya watoto hausameheki kirahisi.

Na mapengo yetu mengi hayana aibu yoyote. Dada amefiwa na mume akakaa eda miezi minne na siku kumi. Kijana amerudi Tanga kumuuguza mama yake mpaka alipomzika. Mwingine alisubiri uamuzi wa Home Office kwa muda mrefu huku haruhusiwi kufanya kazi. Yaandike hivyo hivyo: kuanzia mwezi fulani wa mwaka fulani hadi mwezi fulani, nilikuwa mahali fulani, kwa sababu hii. Ambatisha ulicho nacho, iwe tiketi, barua ya hospitali au cheti cha kifo. Duka la mjomba Kariakoo ulikouza vitenge baada ya shule nalo ni kazi, liandike. Kisanduku kwenye fomu ni kidogo mno kwa maisha ya mtu aliyeishi nchi tatu, na waliokibuni hawakutufikiria. Chukua karatasi nyingine, andika jina lako juu, endelea.

Jambo la pili ni miaka uliyoishi nje ya Uingereza. DBS haina uwezo wa kuchungua rekodi za polisi wa Nairobi wala Dar es Salaam, hivyo utaombwa cheti cha huko. Mkenya ataomba Cheti cha Tabia Njema cha idara ya upelelezi, DCI, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na alama za vidole zinahitajika. Usingoje mpaka upewe kazi ndipo uanze safari hiyo. Ukiwa uliingia kama mkimbizi, usikubali kushinikizwa uiendee serikali uliyoikimbia. Mweleze meneja kwa maandishi, na uombe atumie wadhamini wa ziada waliokufahamu tangu ulipofika.

Halafu kuna ndugu zetu wanaotoka kwenye nyumba za wazee wakiwa na DBS mkononi. Tazama cheti chako kimeandikwa ni cha kundi gani la kazi. Kilichotolewa kwa kazi ya watu wazima hakikupeleki kwa watoto, hata kama ni cha mwezi jana. Utaanza upya. Kipya kikitoka, kisajili kwenye huduma ya DBS ya kukihuisha (Update Service) ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Siku hizo zikipita, umeikosa nafasi hiyo kwa cheti hicho.

Ukishaajiriwa, una miaka miwili ya kupata diploma ya ngazi ya tatu ya malezi ya watoto katika makao. Muulize meneja wiki ya kwanza ni nani anakusajili na lini, na jibu liwe la barua pepe. Nyumba za vijana wa miaka 16 na 17 wanaosaidiwa kujitegemea, ambazo tangu 2023 nazo zinasajiliwa na Ofsted, zina kanuni zake tofauti, na Scotland na Wales wana mifumo yao. Aliye huko asifuate haya neno kwa neno.

Sasa lile linaloniumiza zaidi. Baadhi yetu tumepoteza si kazi tu bali njia nzima ya riziki kwa mambo ambayo nyumbani yangeitwa malezi. Kanuni ya 19 ya kanuni hizo za 2015 inakataza adhabu yoyote ya viboko au kofi, inakataza kumnyima mtoto chakula au kinywaji kama adhabu, na inakataza kumfungia mawasiliano na wazazi wake ili kumtia adabu. Ukimzuia mtoto kwa mwili ili asijiumize au asimuumize mwenzake, taarifa iandikwe ndani ya saa 24. Iandike kabla hujatoka zamu, hata kama miguu inauma. Ukichelewa, mwenzako ataandika alivyoona yeye, na mtoto atasema alivyohisi yeye, na wewe hutakuwa na neno kwenye faili.

Mtoto akikutuhumu, mwajiri anatakiwa kumjulisha ofisa wa halmashauri anayeshughulikia tuhuma hizo, LADO, ndani ya siku moja ya kazi. Huenda ukasimamishwa. Hapo ndipo wengi, kwa fedheha, wanaandika barua ya kujiuzulu wakidhani jambo litafifia. Halifi. Uchunguzi unaendelea bila wewe kuwepo kujitetea, mwajiri anaweza kuwa na wajibu wa kukuripoti DBS hata baada ya kuondoka, na mwajiri anayefuata atauliza kwa nini uliacha.

Kwa hiyo barua ya kusimamishwa ikifika, usijiuzulu usiku huo. Wasiliana na chama chako cha wafanyakazi asubuhi. Na kama hujajiunga na chama, jiunge wiki hii ukiwa huna tatizo, kwa kuwa kwa kawaida vyama havimtetei mtu kwa jambo lililotokea kabla hajawa mwanachama.