Ujiji: Bandari iliondoka, mpira ukabaki

UKIPANDA daladala pale Mwanga, Kigoma mjini, Ujiji ni mwendo wa kilomita chache tu. Konda hajamaliza hata kukusanya nauli, unaanza kuona miembe mikubwa, nyumba za zamani zenye baraza, kanzu na kofia, na harufu ya mawese ikichanganyika na ya dagaa wanaoanikwa. Halafu unaona watoto na mpira. Kasingirima wapo, Rusimbi wapo, Kitongoni wapo. Penye kipande cha ardhi tambarare, jua kikianza kupoa, hapo kuna chandimu.

Wageni wengi wanakuja huku kuangalia mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Wanapiga picha kwenye mnara, wanaangalia miembe, wanarudi zao mjini. Si vibaya, lakini kwa mtu wa mpira hiyo ni kama kwenda Kariakoo ukaishia kununua soksi.

Ujiji ilikuwa mji mkubwa wakati Kigoma ikiwa kijiji. Misafara kutoka pwani ilikuwa inaishia hapa. Burton na Speke waliukuta mji tayari una sokoro lake mwaka 1858. Pembe za ndovu zilipita hapa, watumwa walipita hapa, na watu kutoka ng'ambo ya ziwa, Wamanyema hasa, wakahamia na kuwa wenyeji. Kiswahili kikakaa, Uislamu ukakaa.

Kisha Mjerumani akaleta reli. Alipofika ziwani mwaka 1914 hakuishia Ujiji. Aliichagua ghuba ya Kigoma kwa sababu ina kina na imejificha upepo, wakati ufukwe wa Ujiji uko wazi na maji yake ni mafupi. Stesheni ikajengwa kule, bandari ikajengwa kule. Hata meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizindua 1915 kwa jina la Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe 1916 na Waingereza wakairudisha kazini 1927, nyumbani kwake ni Kigoma. Ujiji ikabaki mtaa wa zamani wa mji mpya, ikiangalia mizigo ya Congo na Burundi ikipita upande wa pili.

Nasimulia yote haya kwa sababu hadithi ya mpira wa huku inafanana nayo mno. Vitu vizuri vya Kigoma vina tabia ya kupakiwa na kwenda kwingine.

Chukua mfano wa Juma Kaseja. Huyu ni mtoto wa Kigoma. Mwaka 2003 alikuwa langoni Simba ilipowavua ubingwa wa Afrika Zamalek, kwao Cairo, kwa mikwaju ya penalti. Mpaka leo ukikaa kijiweni Msimbazi ukataja Zamalek, mtu atakusimulia Kaseja alivyoruka. Akazichezea Simba na Yanga zote mbili, na watu wakadhani ameisha. Septemba 2019, akiwa na miaka 34, Taifa Stars ikamuita tena langoni dhidi ya Burundi kuwania kwenda Kombe la Dunia. Sare ya 1-1 Bujumbura, sare ya 1-1 Dar, zikapigwa penalti. Stars 3, Burundi 0. Hapo sijui watu wa Kigoma walikuwa na hisia gani, maana Burundi kwao ni majirani wa kuombana chumvi.

Sasa jiulize, miaka yote ile, mtoto wa Ujiji aliyekuwa anajiita Kaseja kwenye chandimu alimuona wapi Kaseja mwenyewe? Kwenye redio na kwenye banda la video. Wazee wanalitaja jina la RTC Kigoma na macho yanawawaka, lakini hiyo ni enzi nyingine. Kwa vijana wa miaka ya karibuni Ligi Kuu ilikuwa kitu cha Dar, zaidi ya kilomita 1,200 za reli.

Ndiyo maana Julai 25, 2021 haisahauliki. Fainali ya Kombe la FA, Simba na Yanga, ikaletwa Lake Tanganyika. Siku hiyo mji ulikuwa nusu nyekundu, nusu kijani na njano. Mukoko Tonombe wa Yanga akalimwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili Mganda Taddeo Lwanga akapiga kichwa mpira wa kona, 1-0, Simba ikachukua kombe. Kesho yake timu zote mbili zikaondoka. Kigoma ikabaki na uwanja wake.

Safari hii haikukaa mpweke muda mrefu. Mwaka 2023 Mashujaa ilipanda Ligi Kuu baada ya kuitoa Mbeya City kwenye mchujo. Aprili 2024 Simba wakarudi Lake Tanganyika kwenye Kombe la Shirikisho wakitegemea kupita. Dakika 90 zikaisha 1-1. Penalti tena! Mashujaa 6, Simba 5. Wekundu wa Msimbazi nje, kwenye uwanja uleule walikobeba kombe.

Lakini kuna swali ambalo ukikaa kwenye baraza za Ujiji huwezi kulikwepa. Mashujaa ni timu ya jeshi. Maskani yake Kigoma, na mashabiki wake ni Kigoma nzima, ila inasajili popote nchini kama timu nyingine za Ligi Kuu, na ndivyo inavyotakiwa ili isishuke. Je, mtoto wa Rusimbi anaingiaje? Kwangu mimi kupanda daraja ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu wa timu kuja jioni kusimama pembeni ya viwanja hivi vya mchangani na daftari mkononi. Nauli yenyewe ni ya daladala, si ya treni.

Na akija, achague siku. Huku ratiba ya mpira anaipanga mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wanafuata mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za sola. Kijana anaingia ziwani jioni, anatoka alfajiri, mchana amelala. Kocha wa mtaani anaweza kuwa na winga moto wa kuotea mbali na asimuone wiki mbili. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inavutwa ufukweni, na ghafla kila timu ina wachezaji hadi wa benchi. Mwaka 2024 serikali ilipolifunga ziwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, vijana wengi walibaki nchi kavu. Mfukoni ilikuwa balaa. Viwanjani, kila siku ikawa mbalamwezi.

Mtihani ndio huo. Usiku mmoja mzuri ziwani unalisha nyumba. Majaribio ya soka yanalisha matumaini, na mama anahitaji unga leo. Kipaji kinachopotea Ujiji mara nyingi hakipotei kwa bangi wala uvivu, kama wanavyopenda kusema watu wa mjini. Kinapotea kwa sababu kiko kazini.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, nenda ukae karibu na ufukwe jioni ya giza la mwezi. Mechi inaanza saa kumi, kumi na moja moja ikiwa kamili. Kufika saa kumi na mbili kasoro, mabao ni 2-2, mashabiki wako mzuka, na beki wa kulia anatoka bila kubadilishwa na mtu. Anafuata kipa. Wanavua jezi wakitembea, wanamwachia mdogo wao, wanachukua taa. Waliobaki wanahesabiana, saba kwa nane, na mpira unaendelea.