Taroti ya Mikono: Karata 78 Zinazoweza Kutengenezwa Kirolirwe

Taroti ni jozi ya karata 78, ambazo 56 kati yake hazitofautiani sana na karata zinazochezwa barazani kila jioni, na 22 zilizobaki ni picha zisizo na kundi, ambazo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzishinda karata nyingine zote. Watu wengi huzijua kama chombo cha kupigia ramli, na ndiyo maana mtu wa Kirolirwe, katika milima ya Masisi kwenye barabara itokayo Sake kwenda Kitshanga, anaweza kudhani kwamba hazimhusu, au kwamba ni heri asionekane nazo. Makala haya yanashikilia kwamba taroti ni mchezo kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na kwamba kuitengeneza nyumbani ni kazi ya mikono inayoweza kufanyika vizuri hata mahali ambapo umeme ni wa shida.

Karata za mchezo ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370, na chimbuko lake linaelekeza Misri ya Wamamluki, ambako makundi yalikuwa manne: panga, vikombe, sarafu na fimbo za mchezo wa polo. Jozi moja ya namna hiyo, iliyochorwa kwa mkono, imehifadhiwa katika kasri la Topkapı mjini Istanbul. Huko Ulaya ya kusini fimbo za polo zikageuka kuwa marungu, na Wareno wakazileta karata hizo kwenye pwani ya Waswahili, kiasi kwamba mchezaji anayetaja shupaza, kopa, uru na pau anataja panga, vikombe, dhahabu na marungu yale yale yaliyomo katika taroti ya zamani. Kabla ya katikati ya karne ya 15, mafundi wa kaskazini mwa Italia waliongeza katika makundi hayo karata 21 za turufu ya kudumu, pamoja na karata moja ya mjinga isiyoshinda wala kushindwa, na katika kila kundi wakamweka malkia kati ya mfalme na mpanda farasi.

Ramli ilikuja baadaye sana. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba picha hizo ni mabaki ya kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale, dai alilolitoa miaka 41 kabla maandishi ya Misri hiyo hayajaanza kusomeka, na ambalo wanahistoria wamelikataa. Etteilla, mtabiri wa Paris, alitoa jozi ya kutabiria mwaka 1789, na mwaka 1909 ikachapishwa London ile iliyoenea zaidi duniani, iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Kulijua hili si mapambo ya kisomi. Katika Kivu, ambako tuhuma ya uchawi imewahi kugharimu maisha ya watu, na hasa ya wanawake wazee, mtu mwenye karata za picha ana haki ya kujua, na ya kuwaeleza majirani zake, kwamba picha ya mauti au ya shetani iliwekwa pale na wachoraji wa mchezo, wala haina nguvu kuliko picha ya mfalme wa kopa.

Sehemu tamu ya kazi hii ni kuchagua picha. Karata za taroti wanazochezea Wafaransa siku hizi hazina shetani wala mauti, bali turufu zake zinaonyesha maisha ya kila siku: umri wa binadamu, nyakati za siku, majira ya mwaka, watu wakicheza ngoma na wakinunua bidhaa. Kwa hiyo fundi wa Masisi anayechora ng'ombe malishoni, duara za jibini zikikauka kwenye rafu, gunia la viazi, au chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na kanyagio linaloteremsha mizigo mlimani, hafanyi uasi wowote dhidi ya desturi. Gari la vita la jozi za kale laweza kuwa chukudu hiyo, na mnara unaoporomoka waweza kuwa volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Kirolirwe imetajwa redioni kwa miaka mingi katika habari za vita, nayo inastahili kuchorwa na watu wake katika hali nyingine. Asiyejua kuchora anaweza kutumia picha za Smith za mwaka 1909, kwa sababu mchoraji huyo alifariki mwaka 1951, na nchini Uingereza haki zake zilikwisha mwanzoni mwa mwaka 2022. Lakini matoleo mapya yaliyopakwa rangi upya huweza kuwa na mwenyewe.

Kipimo kinachofaa ni milimita 60 kwa 110, kwa kuwa karata sita za kipimo hicho huenea kwenye karatasi moja ya A4, na 78 humalizika katika karatasi 13 bila kubaki hata nafasi moja. Kuzichapa karatasi hizo ndiyo kazi pekee ya mashine, nayo yaweza kufanywa Goma kwa siku moja, kisha kila kinachofuata kikafanyika mezani kwa mwanga wa jua. Mashine ya leza, ambayo huyeyusha unga wa rangi kwa joto, ni bora kuliko printa ya wino wa maji, kwa kuwa katika baridi na mvua za Masisi wino huo huvujia kwenye karatasi.

Karata haitengenezwi kwa karatasi moja nene, bali kwa tabaka zilizogandishwa, na mafundi wa Ulaya walifanya hivyo kwa gundi ya unga. Hapa unga laini wa muhogo uliochekechwa unatosha: kijiko kimoja kwa vijiko kumi hivi vya maji, ukorogwe motoni hadi ung'ae. Ukurasa wa picha hubandikwa upande mmoja wa manila na ukurasa wa mgongo upande wa pili kwa wakati mmoja, kwa maana karatasi iliyolowa upande mmoja hujikunja ikikauka. Kisha zote hulazwa kati ya mbao mbili na kukandamizwa kwa mawe hadi zikauke kabisa, jinsi jibini linavyokandamizwa. Ndipo hukatwa kwa wembe na rula ya chuma, pembe zikaviringishwa kwa mkasi, na uso ukasuguliwa kwa sabuni kavu na kokoto laini ili karata ziteleze. Mgongo usiwe na mstari wa pambizo, kwa sababu milimita moja ya kupinda itaonekana, na mchezaji mwenye macho makali ataijua karata kabla haijafunuliwa.

Mchezo wa Kifaransa huwa wa watu wanne. Kila mmoja hupewa karata 18, sita huachwa kando, na mmoja hucheza peke yake dhidi ya watatu. Pointi zote ni 91, na mchezaji huyo huhitaji 56 ili ashinde. Lakini akipata moja kati ya karata tatu kuu, yaani turufu ya 1, turufu ya 21 na mjinga, hutosheka na 51, akipata mbili 41, na akizipata zote 36.

Asiye na uwezo wa kutengeneza zote anaweza kununua jozi mbili za karata za kawaida zenye mgongo wa aina moja. Jozi ya kwanza humpa karata 52, na juu ya nyuso za karata 26 za jozi ya pili atabandika turufu 21, mjinga na wapanda farasi wanne. Karata hizo zina milimita 63 kwa 88, kwa hiyo nyuso mpya zote zinaenea katika karatasi tatu za A4, na mtu aanzie hapo kabla ya kugharamia jozi nzima.