Freni zenye ABS katika njia ya kokoto na ya matope

Ndugu mfanyakazi, tuseme umetoka kazini saa 22. Ni mwezi wa Oktoba, na mvua ya kwanza imenyesha jioni hii. Uko ndani ya motokari yako ndogo, ile uliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi. Umekwisha kuacha lami, umeingia katika njia ya udongo mwekundu inayokwenda kwako. Mbele ya taa zako anatokea mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala. Unakanyaga freni. Chini ya mguu pedali inaanza kutetemeka na kukusukuma, kitu kinalia grrr grrr upande wa mbele, na motokari haisimami pale ulipofikiri itasimama.

Unafanya nini?

Wengi wanatoa mguu, kwa sababu wanafikiri freni imevunjika. Wengine wanafanya kama walivyofundishwa zamani na wakubwa wao: kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Wote wawili wanakosa, na mtu wa baiskeli ndiye atakayelipa. Freni yako haikuvunjika. Ilikuwa inafanya kazi yake. Lakini kazi yake sio ile uliyoambiwa siku uliponunua motokari.

Jambo hili linataka kuelezwa vizuri, maana motokari za namna hii sasa ni nyingi katika miji yetu. Herufi ABS zilitoka katika jina la Kijerumani, Antiblockiersystem, maana yake chombo cha kuzuia gurudumu lisifungwe. Wazo lilianza katika ndege, zilizokuwa zikiteleza zikitua juu ya uwanja wenye maji. Mwaka 1978 kampuni ya Bosch iliitia ABS katika Mercedes-Benz kubwa, na motokari za watajiri zikaanza. Kisha ikashuka kidogo kidogo. Tangu mwaka 2004 watengenezaji wa Ulaya wanaiweka katika motokari mpya zote za watu. Basi, ikiwa motokari yako ya mkono wa pili ilitoka Ubelgiji au Ujerumani na ilitengenezwa baada ya mwaka huo, ABS unayo, hata kama hukuiomba.

Inafanyaje kazi? Karibu na kila gurudumu kuna jicho dogo, mafundi wanaliita kapteri, linalohesabu mizunguko ya gurudumu. Hesabu hiyo inapita katika waya mpaka kwa kompyuta ndogo. Ukikanyaga freni kwa nguvu, na gurudumu moja likaanza kusimama wakati motokari bado inakwenda, kompyuta inaona: gurudumu hili linataka kufungwa. Inafungua kilango kidogo katika njia ya mafuta ya freni, nguvu inapungua, gurudumu linazunguka tena. Halafu inabana tena. Inafungua na kubana hivyo mara nyingi katika sekunde moja, kupita mguu wa shofere yeyote. Kule kutetemeka unakokusikia chini ya kiatu ni mafuta yanayokwenda na kurudi. Kelele ni ya vilango na pompi.

Faida yake ni gani? Gurudumu lililofungwa halisikii volani. Uzungushe volani kushoto, uzungushe kuume, motokari inakwenda mbele tu kama sanduku linalosukumwa juu ya sabuni. Gurudumu linalozunguka bado linasikia. Kwa hiyo ABS inakupa jambo moja kubwa: kupinda wakati unapofunga freni. Mtu wa baiskeli unaweza kumpita pembeni. Kwa lami yenye maji, mara nyingi inafupisha pia urefu wa kusimama. Lakini hapo ndipo watu wanapodanganyika, maana wanafikiri inafupisha kila mahali.

Katika njia ya kokoto habari inageuka. Gurudumu lililofungwa kabisa juu ya kokoto linachimba. Linakusanya kokoto mbele yake kama mtu anayeweka jiwe mbele ya gurudumu la mkokoteni, na lundo hilo linasaidia kusimamisha. ABS hairuhusu gurudumu kufungwa, basi lundo halifanyiki, na motokari inakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Juu ya mchanga mwingi ni vile vile. Ni bei unayolipa ili volani ibaki hai.

Kubaya zaidi ni ile njia yenye mikunjo kama bati la nyumba. Unaijua: mwisho wa kiangazi, baada ya kamyo kupita miezi mingi, meno yote kinywani yanagongana. Pale magurudumu hayatembei juu ya njia, yanaruka. Ukikanyaga freni wakati gurudumu liko hewani, linasimama mara moja, kwa sababu hakuna kitu kinacholizungusha. Kompyuta inafikiri kwamba gurudumu linateleza, inafungua mafuta. Gurudumu linashuka chini, linashika kidogo, linaruka tena, kompyuta inafungua tena. Shofere anakanyaga kwa nguvu yake yote na anaona kama motokari imekataa. Jambo hilo hilo linatokea katika shimo moja, ila kwa muda mfupi: gurudumu linaingia shimoni, freni inaachia, na unasikia kama mtu amekusukuma mgongoni. Shofere anayejua anafunga freni kabla ya shimo, anaiachia kidogo gurudumu linapoingia, na anafunga tena akitoka.

Matope ya mvua hayana siri nyingi. Hayashiki, basi. Hakuna kompyuta inayoweza kutengeneza mshiko ambao njia haina. Tufanye hesabu pamoja. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, unakwenda karibu mita 17 katika kila sekunde. Sekunde moja inapita kabla mguu wako haujafika juu ya freni: mita 17 zimekwisha kwenda. Kutoka hapo, juu ya lami kavu yenye mshiko mzuri, unahitaji kama mita 18 za kusimama. Juu ya matope ambayo mshiko wake ni robo ya ule, unahitaji kama 70. Mtu anayekwenda 30 katika matope hayo anahitaji zile zile mita 18. Kwa freni, 30 ya matope ni kama 60 ya lami kavu. Na kama mipira yako imekuwa laini kama kichwa cha mzee, hata hesabu hiyo inakuchekea.

Wanaofanya kazi katika kariere wanajua jambo hilo kwa upande mwingine. Njia za kamyo kubwa zinamwagiwa maji ili vumbi lisizuie macho. Maji yakizidi, juu inakuwa matope membamba na chini ngumu, na pikapu inayoshuka inakuwa mtumbwi. Pale ufunguo ni gia: shuka na gia ndogo tangu juu, acha injini ikushike, na freni iwe ya kusaidia tu. Ukingoja mpaka katikati ya mteremko ndipo ubadilishe gia, umechelewa.

Sasa turudi kwa yule shofere wetu wa saa 22. Alipaswa kufanya hivi: kukanyaga freni mpaka chini na kuacha mguu pale pale, bila kujali kutetemeka wala kelele, macho yakitazama mahali penye nafasi na sio kumtazama mtu, na volani kuipeleka polepole kwenye nafasi hiyo. Ukipiga-piga pedali, kila mara unapoinua mguu unapoteza mita, na kompyuta inaanza kazi upya. Kupiga-piga kulikuwa kuzuri kwa motokari za zamani zisizo na ABS. Ikiwa hujui motokari yako ni ya namna gani, zungusha ufunguo na utazame tablo. Taa ya rangi ya chungwa yenye herufi ABS inapaswa kuwaka kidogo, halafu kuzimika yenyewe.

Taa hiyo inastahili maneno zaidi. Ikiwaka na kubaki wakati unatembea, freni ya kawaida bado ipo, lakini ABS imelala. Magurudumu yatafungwa kama katika motokari ya zamani. Endesha polepole mpaka garaji. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya freni, simama mahali pazuri na utazame mafuta ya freni. Usiendelee, maana hapo hata freni ya kawaida inaweza kuwa na ubaya, na magurudumu ya nyuma yanaweza kufungwa kwanza na kuigeuza motokari. Na kama taa ya ABS haiwaki hata kidogo unapozungusha ufunguo, jihadhari: kuna wauzaji wanaotoa balbu au kufunika taa ili mnunuzi asione ubaya. Mnunuzi anayetazama tablo kabla ya kutazama rangi ya motokari anajiokoa mara nyingi.

Ubaya wenyewe mara nyingi ni mdogo. Njia zetu zinatupa matope na mawe juu ya kapteri. Waya wake unakatika kwa kijiti. Kapteri nyingi zina sumaku, na sumaku inakusanya unga wa chuma unaotoka katika freni au katika kazi ya kusaga chuma. (Unga wa shaba hauna kosa hapa, sumaku haiukamati.) Pete yenye meno ambayo jicho linaihesabu inaweza kupasuka kwa kutu. Hapo unaona jambo la ajabu: juu ya lami kavu, motokari karibu kusimama, pedali inatetemeka bila sababu na motokari inateleza mita moja ya ziada. Hiyo sio kawaida, peleka kwa fundi. Tena, mipira ya ukubwa tofauti inaidanganya kompyuta, kwa maana mpira mdogo unazunguka mara nyingi zaidi. Na fundi anapobadilisha beringi ya gurudumu, amuulize muuzaji upande wa kuiweka: katika beringi nyingi za sasa upande mmoja una pete ya sumaku, na ikiwekwa kinyume, kapteri haioni kitu. Beringi mpya, kazi nzuri, taa inawaka, na watu wanaanza kumshtaki mchawi.

Sasa ile shauri unayoisikia kando ya njia: "Toa fuzible ya ABS, motokari itasimama vizuri." Anayesema hivyo ana nusu ya ukweli, kama tulivyoona katika habari ya kokoto. Nusu nyingine haisemi. Wewe huendeshi juu ya kokoto peke yake. Kesho utakuwa katika lami yenye maji, katika kona, kamyo imesimama bila taa, na magurudumu yaliyofungwa yatakupeleka moja kwa moja chini yake. Zaidi ya hayo, katika motokari nyingi chombo hicho hicho ndicho kinachopima nguvu ya freni za nyuma. Motokari nyingine za porini zina namna yake iliyowekwa na mtengenezaji kwa kuzima ABS katika njia mbaya. Hiyo ni habari nyingine, soma kitabu chake. Lakini kung'oa fuzible na kuisahau mfukoni, hapana.

Kuna pia ubaya ambao hauko ndani ya motokari. Katika miaka ya 1980, katika mji wa München huko Ujerumani, walilinganisha teksi zenye ABS na teksi zisizo nayo. Walifikiri zenye ABS zitakuwa na ajali chache sana. Hazikuwa hivyo. Mashofere wake walikuwa wanaendesha kwa ukali zaidi. Faida waliyopewa waliimaliza kwa mwendo. Tena ilikuwa katika lami nzuri.

Na wewe mama, unayekaa pembeni ya shofere, usifikiri mambo haya ni ya wanaume tu. Taa ya chungwa unaiona sawa na yeye. Muulize tangu lini inawaka. Watoto wakae nyuma na kufungwa mikanda, sio kusimama katikati ya viti, maana freni iliyokanyagwa mpaka chini inawatupa mbele.

Jambo la kufanya Jumapili hii, ikiwa taa iko sawa: tafuta uwanja mtupu wa kokoto, pasipo watu wala watoto. Weka bidoni tupu mbele. Njoo kwa 30, kanyaga freni mpaka chini, sikia kutetemeka, acha mguu pale, na upite pembeni ya bidoni kwa volani. Shuka upime kwa hatua zako mahali motokari iliposimama. Kisha fanya vile vile juu ya lami tupu, upime tena. Rudia mpaka mguu usitake tena kuinuka. Kama bibi yako anaendesha pia, mpe ufunguo, afanye naye.